Kwa nini mpango wa kijiji hufia kabatini? Tunataka kupanga miaka 10 ijayo, tusaidiane

#1 Mnyiramba Halisi
Wakuu salaam.

Niende kwenye mada moja kwa moja. Natokea kijiji kimoja wilayani Mkalama, Singida. Tunalima alizeti, mtama, uwele na vitunguu kidogo bondeni, na kaya nyingi zina mifugo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na zikikata Februari mwaka umekwisha. Baada ya mavuno tutakuwa na mkutano mkuu wa kijiji. Baadhi yetu tumeomba ajenda moja iingie: mpango wa miaka 10. Maji, malisho, msitu, mashamba, na nini kifanyike mwaka wa njaa ukija.

Kinachonitia hofu ni yaliyopita. Mpango wa matumizi bora ya ardhi tunao tayari. Ramani imebandikwa ukutani ofisini na imepauka. Palipoandikwa malisho pana alizeti. Palipoandikwa msitu wa kijiji pana visiki na matanuru ya mkaa. Hakuna aliyekaa akaufuta huo mpango, uliachwa tu. Kabla yake kulikuwa na ule wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, watu wakachora kijiji chini kwa majivu na mawe, wakapanga vipaumbele. Leo hata nakala haipo.

Swali langu: mipango hii inauawa na nini? "Viongozi wabovu" tumeshasikia, twende mbele ya hapo. Walioweza walifanya nini tofauti, na walioshindwa walikwamia wapi?

#2 Kijana wa Stendi
Siti ya mbele. Nasubiri wenye uzoefu washuke.

#3 Mtendaji Mstaafu
Mkuu umeuliza jambo la maana. Nimekuwa mtendaji wa kijiji katika mikoa miwili, nakuambia nilichokiona.

Mpango haufii kabatini, unafia mkutanoni. Utaratibu ni mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Usipokaa, hakuna mahali pa kuuliza: yule aliyelima kwenye malisho amechukuliwa hatua gani? Akipita msimu mmoja bila kuulizwa, msimu wa pili wanaingia kumi. Msimu wa tatu ukienda kuwatoa wanakuonyesha nyumba ya bati na kaburi la mzee.

La pili ni sheria ndogo. Ramani peke yake haimzuii mtu. Sheria ndogo hupitishwa kijijini, kisha inaenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, na huko ndiko zinakolala. Mimi nilihamishwa zikiwa bado wilayani, aliyenirithi akawa ananipigia kuuliza zimefika wapi. Bila muhuri ule, ukimtoza mtu faini anaweza kukupeleka mahakamani na akakushinda.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya kuandika mpango mpya, ulizeni sheria ndogo za mpango wa zamani ziliishia wapi. Inawezekana kazi iliyobaki ni ndogo kuliko mnavyofikiri.

#4 Mama Alizeti
Shikamoo mtendaji. Nakubali kuhusu mkutano, ila mkutano wenyewe unakuwa wa nani?

Kwetu Iramba unaitwa saa nne asubuhi. Saa hiyo mimi niko kwenye foleni ya maji. Nikifika saa saba naambiwa limeshapita. Ndivyo kisima kilivyopitishwa kichimbwe karibu na uwanja wa mnada, maana waliokuwepo walikuwa wanaume na wanafikiria ng'ombe. Maji ya kunywa bado tunayafuata kule kule.

Sheria inataka wanawake wasipungue robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Wapo, wanakaa mwisho, wanaandaa chai. Mpango ambao mchota maji hakuupanga, mchota maji hataulinda. Mnyiramba, anzeni na saa ya mkutano.

#5 Mzee wa Ngitili
Hamjambo wanangu. Mimi ni wa Shinyanga, niwape mfano ambao ulifanikiwa, maana nyuzi nyingi za hapa zinaishia kwenye kilio.

Miaka ya themanini Shinyanga ilikuwa ikiitwa Jangwa la Tanzania. Chanzo hakikuwa mvua peke yake. Tangu wakati wa ukoloni mapori yalifyekwa kwa maeneo makubwa ili kuua mbung'o. Ikaja pamba, watu wakafyeka zaidi. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ukaenda hadi 2004. Mwanzoni wataalamu walileta miche kutoka kwenye vitalu, ikafa mingi. Kilichofanya kazi ni pale walipowauliza wazee: ninyi zamani mlifanyaje?

Jibu likawa ngitili. Kwa wasioijua: mvua zikianza mnafunga eneo, halichungwi. Nyasi zinapanda, visiki vinachipua vyenyewe. Mnalifungua kiangazi kikiwa kikali, kipande baada ya kipande, na wanaoanza kuingia ni ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia, siyo kundi zima. Kuna ngitili za kaya na ngitili za kijiji. Mradi ulipoanza zilikuwa zimebaki hekta mia chache tu. Miaka ya 2000 zilihesabiwa zaidi ya hekta laki tatu mkoa mzima. Hizo hekta hazikupandwa miche, ziliachwa zipumzike.

Mlinzi alikuwa nani? Sungusungu na dagashida. Dagashida ni mkutano wetu Wasukuma, ukiamua umeamua. Aliyeingiza ng'ombe kabla ya siku anatozwa, na asipolipa anatengwa: hasalimiwi, hazikiwi. Hakuna muhuri wa wilaya uliokuwa na nguvu hiyo.

#6 Bint Kondoa
Nimekusoma vizuri mzee, lakini nina upande wa pili. Sisi Kondoa tulipangiwa, hatukupanga, na matokeo yalionekana.

Makorongo ya kwetu yalikuwa yanameza nyumba. Serikali ikaleta mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973 na kutoa mifugo yote eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Wazee walilia, wengine walihama na ng'ombe zao. Lakini baada ya miaka michache nyasi zilirudi, miti ikarudi, mchanga ukaacha kushuka mabondeni. Ukipita leo Kondoa Irangi milima ina kijani. Kama wangesubiri mkutano mkuu ukubali kutoa ng'ombe, hadi leo wangekuwa wanajadili.

Kwa hiyo hoja ya #3 na #5 kwamba kila kitu ni mkutano, mimi naona haijakamilika. Kuna maamuzi ambayo kijiji hakiwezi kujifanyia.

#7 Mzee wa Ngitili
Binti yangu, mradi ndio ulianza 1973. Ng'ombe walitolewa 1979. Hiyo miaka sita ya katikati walichimba makinga maji na kupanda miti huku mifugo ipo, na haikutosha. Hapo ndipo serikali ilipochukua uamuzi mgumu.

Na jiulize: walipoanza kurudisha ng'ombe mwishoni mwa miaka ya themanini, walirudi wale wa maziwa wa kufugwa bandani. Mwenye ng'ombe 40 wa asili alipata nini? Alihamia kwa watu wengine na mifugo yake. Ukihamisha tatizo kwenda kijiji cha jirani, kwenye ramani yako linaonekana limeisha.

#8 Bint Kondoa
Tarehe ni hizo, asante mzee. Lakini ardhi imepona. Hilo halina ubishi.

#9 Kijana wa Stendi
Mimi niseme la vijana, najua nitashambuliwa.

Mpango wa miaka 10 unaandikwa na watu wa miaka 60. Mimi nimezaliwa kijijini Manyoni, niko mjini naendesha bodaboda. Sijakimbia ukame. Nimekimbia kwa sababu nikiomba shamba naambiwa subiri baba afe. Halafu hiyo halmashauri ya kijiji ambayo haina ekari moja kwa kijana, akija mwekezaji inamkatia ekari elfu mkutano ukiwa haujui. Nyinyi mnapanga ngitili, sisi tunapanga kuondoka. Ngitili hainilipii kodi ya chumba, mzee wangu!

#10 Mzee wa Ngitili
Kodi ya chumba unalipa kwa sababu umekimbia nyumba ya bure. Rudi, tutakupa ndama.

#11 Kifungu kwa Kifungu
Niweke sawa jambo moja kwa #9 kabla halijasambaa.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haina ubavu wa kumkatia mwekezaji ardhi peke yake. Ardhi ya kijiji ikitaka kuhawilishwa, eneo lisilozidi hekta 250 linaamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Likizidi hapo suala linaenda kwa Waziri, na bado mkutano mkuu lazima utoe maoni yake. Kwa hiyo kama kwenu ilifanyika kimya kimya, ilifanyika kinyume cha sheria na inaweza kupingwa.

Kwa mleta mada: sheria hiyo hiyo inagawa ardhi ya kijiji makundi matatu, ya matumizi ya pamoja, ya watu binafsi, na ya akiba. Hilo la tatu ndilo jibu la Kijana wa Stendi na vijiji vingi hulisahau. Ardhi ya akiba ndiyo watakayopewa wanaozaliwa leo. Mkigawa yote sasa hivi, mpango wa miaka 10 mmeshaumaliza.

Na malisho yenu msiyaache na mstari wa ramani tu. Inawezekana kuombewa hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, kwa jina la kundi. Wahadzabe wa Yaeda Chini kule Mbulu walipata yao mwaka 2011, na imewasaidia kulinda pori lao dhidi ya wanaoingia kulima.

#12 Kijana wa Stendi
Sheria iko hivyo kwenye karatasi, mkuu. Kijijini ilivyo ni kwamba muhtasari wa mkutano unaandikwa jioni na watu wawili, na sahihi za mahudhurio zinachukuliwa kwenye daftari la mgao wa mbolea.

#13 Mtendaji Mstaafu
#12 amesema kweli, nimeyaona. Dawa yake ndogo: muhtasari usomwe kabla watu hawajatawanyika, siyo mkutano ujao. Na wawepo watu wawili wasio viongozi wenye nakala. Simu zipo, piga picha kila ukurasa.

#14 Lindi Kwetu
Habari za Kusini. Naona wote mnaongelea kuzuia: usichunge, usikate, usilime. Mimi naona mpango unaishi ukianza kuleta hela.

Kilwa kuna vijiji vina misitu ya hifadhi ya vijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Wakapima, wakahesabu miti, wakapanga wavune kiasi gani cha mpingo na miti mingine ili msitu usipungue. Mwaka 2009 wakapata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi mzuri wa msitu, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Kabla ya hapo mti ulikuwa unaondoka na lori usiku na kijiji kinaachiwa vumbi. Nanjirinji A ni kati ya vijiji vilivyonufaika, fedha za magogo zimeingia kwenye majengo ya umma ambayo wangesubiri bajeti ya wilaya hadi lini.

Doria za msitu zinalipwa na msitu wenyewe. Mkuu, kwenu pana nini cha kuuza ambacho kinalazimu kulindwa?

#15 Mnyiramba Halisi
Asanteni wote, naandika kwenye daftari.

Lindi Kwetu, hapo ndipo ugumu wetu. Hatuna mpingo wa maana. Tuna miti ya miiba, nyuki na alizeti. Nyuki ndiyo naona njia, maana asali ya Singida ina jina. Lakini watu waliomaliza msitu kwa mkaa ni watu wetu, na walifanya hivyo mwaka alizeti ilipoanguka bei. Alizeti ikishuka, tanuru linawashwa. Sasa je, tupange msitu au tupange bei?

#16 Mama Alizeti
Umegusa penyewe. Mwaka ule bei ilipoporomoka mume wa jirani yangu hakuwa mwizi wa msitu, alikuwa na ada ya mtoto. Sheria ndogo ya kumtoza ingeongeza njaa tu.

Sisi tuna kikoba, hisa tunaweka kila wiki. Tulikubaliana fungu dogo lisikopeshwe, likae kwa ajili ya mwezi wa kwanza na wa pili, njaa ikikaza. Waliokopa humo hawakukata mti. Mimi nasema mpango wa kwanza wa kijiji uwe ghala. Mtama na uwele vinakaa vizuri vikihifadhiwa kavu. Msitu utafuata.

#17 Mwana Makueni
Hamjambo wadau, naingia kutoka Kenya, Ukambani. Ukame wenu tunaujua.

Kwetu kilichobadilisha mambo mashinani ni mabwawa ya mchanga. Mnachagua mto wa msimu wenye mchanga wa chembe kubwa na mwamba karibu. Mnajenga ukuta wa zege kukata mto, umekaa juu ya mwamba na mbavu zake zimeingia kwenye kingo. Mvua ikija maji yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, msimu mmoja hadi mitatu. Maji yanakaa ndani ya mchanga. Jua haliyapati, ng'ombe hawayakanyagi, mbu hawazaliani. Unachimba kisima pembeni ama unaweka pampu. Kwa macho utasema mto umekauka, kumbe chini kuna maji.

Mawe yanabebwa na wanakijiji wenyewe, vikundi vya kusaidiana, na kabla ya ukuta lazima wachimbe matuta ya fanya juu kwenye mashamba ya juu. Bila matuta mto unaleta tope badala ya mchanga na bwawa limekufa.

Hapo kuna funzo moja la sheria. Mchanga ulikuwa unabebwa na malori usiku kwenda mijini kujengea. Kaunti ikatunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Mwaka huo huo ikaweka kanuni za hazina ya mabadiliko ya tabianchi, ambapo kamati za wadi zinachaguliwa na wenyeji na zinapendekeza miradi. Pesa ziko kwa bajeti, si kwa mfadhili. Nyinyi mpango wenu una fungu gani wilayani?

#18 Mtendaji Mstaafu
Swali la mwisho la Mwana Makueni ndilo lililonitoa machozi kazini. Kijiji kinapanga, kata inakusanya, wilaya inachuja, na ukomo wa bajeti ukishuka vipaumbele vya kijiji vinakuwa vya kwanza kukatwa. Mwaka unaofuata unaombwa uandike tena vile vile. Mara ya tatu watu hawaji.

#19 Fundi Pampu
Wakuu nimechelewa, nilikuwa saiti.

Nafunga na kutengeneza pampu Kanda ya Kati. Nataka niongelee maji tu, maana kijiji kisicho na maji kinahama. Lengo la mwaka 1971 lilikuwa kila mwanakijiji awe na maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Visima vingi vilichimbwa. Shida ilikuwa kuviweka hai.

Nimefika kijiji pampu ya mkono imekaa miezi bila kufanya kazi kwa sababu ya raba ya pistoni. Raba! Kitu cha kushika kwa vidole viwili. Nikauliza mfuko wa maji uko wapi, wakaniletea daftari. Safu ziko vizuri: tarehe, ndoo, makusanyo, matumizi, baki. Zile nne zimejazwa kwa mwandiko mzuri kabisa. Safu ya baki iko tupu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hakuna aliyeiba kwa kujificha. Hakuna aliyewahi kutoa hesabu ya kilichobaki, ndiyo maana kila mwenye shida aliazimwa.

Kwa hiyo mimi sababu yangu ni hiyo: safu ya baki. Sasa hivi kwa sheria ya maji ya 2019 kuna RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vinatakiwa viwe na mhasibu na fundi wa kueleweka. Panapofuatwa, naona tofauti. Panapobaki kamati ya zamani yenye jina jipya, ni yale yale.

Na Singida muwe makini, kuna maeneo maji ya chini yana floridi nyingi. Meno ya watoto yanaharibika, ikizidi sana mifupa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Pimeni kabla ya kununua sola na matangi, siyo baada.

#20 Mbeba Boksi
Niko Minnesota. Wana wa kijiji chetu tulio nje tulichanga, tukanunua pampu ya sola na tangi. Ilifanya kazi vizuri, ikaja kuharibika kifaa cha kuongozea umeme, wakatupigia sisi. Tukatuma. Ikaharibika tena, wakatupigia. Nikiuliza hela za ndoo, naambiwa watu hawalipi maana pampu ni ya watoto wa kijiji walioko Ulaya.

Sipingi kuchangia. Ila #19 amenifungua macho, tungetuma na daftari.

#21 Kijana wa Stendi
Minnesota ni Ulaya? 😀

#22 Mbeba Boksi
Kwa bibi yangu kote ni Ulaya, mkuu.

#23 Lindi Kwetu
Turudi kwenye mada. Kuna mtu amezungumzia biashara ya hewa ukaa, yaani kaboni, kijiji kulipwa kwa kutunza msitu? Naona wanapita vijijini na mikataba. Wilaya ya Tanganyika kule Katavi vijiji vimelipwa kwa kutunza misitu ya Ntakata na wamejenga huduma za jamii. Kanuni za biashara ya kaboni zilitoka 2022. Mnyiramba, mkiwa na msitu unaorudi labda ndiyo mpingo wenu.

#24 Kifungu kwa Kifungu
Ni kweli ya Katavi. Lakini polepole. Kijiji chenye msitu mkubwa wa miombo na mipaka isiyo na ugomvi kinaweza. Kijiji chenye visiki, chenye mgogoro wa mpaka na jirani, hakitafika huko karibuni. Mkataba wa namna hiyo unafunga ardhi kwa miaka mingi, usisainiwe na mwenyekiti barazani kwake. Upelekwe mkutano mkuu, usomwe kwa Kiswahili wote, na vifungu vya nani anapata asilimia ngapi visomwe mara mbili.

#25 Bint Kondoa
Kuhusu visiki, msividharau. Dodoma sasa hivi wakulima wengi wanafanya kisiki hai na nimejifunza shambani kwa mama. Kisiki kinachoonekana kimekufa mizizi yake iko hai. Unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, mengine unayapogoa kwa kukata kuelekea juu ili gome lisichanike. Unafunga kitambaa cha rangi kwenye yaliyobaki ili jirani na mchungaji wajue huu mti una mwenyewe. Halafu unalinda. Hakuna kitalu, hakuna kumwagilia. Misimu michache una kivuli na kuni za matawi.

Kitambaa ndicho kinachowashangaza watu. Mchungaji akiona kitambaa anapitisha mbuzi pembeni. Sijui kwa nini kinafanya kazi kuliko kibao cha halmashauri, lakini kinafanya.

#26 Mzee wa Ngitili
Kinafanya kazi kwa sababu amefunga mtu anayejulikana. Kibao kimefungwa na gari.

Hapa sasa umerudi kwangu, binti. Ni ngitili ya mti mmoja mmoja, na hakuna ng'ombe aliyefukuzwa.

#27 Bint Kondoa
Mzee hukubali kushindwa! Lakini huo ni mti wa shamba la mtu. Malisho ya wote hayana wa kufunga kitambaa. Huko narudi kwenye hoja yangu, serikali iweke mkono.

#28 Mfugaji Huru
Nimesoma uzi mzima, mfugaji anatajwa kama ukame. Nani amemuuliza?

Mimi ni Mtaturu. Ng'ombe wetu tunahama nao kwa sababu mvua nayo inahama. Mwaka huu nyasi ziko huku, mwaka kesho ziko mbuga ya Wembere. Kijiji kikijichorea mpango wake peke yake kinakata njia ya mifugo na njia ya kwenda majini, halafu kinashangaa ng'ombe wakipita kwenye alizeti. Mpango wa kijiji kimoja kwa mfugaji hauna maana. Ukame ukija sihami ndani ya kijiji, nahama vijiji vitano.

Kwa hiyo mpango wenu wa sasa haukufa, uliuawa na mpaka. Kaeni na vijiji jirani mpange malisho ya pamoja na njia za mifugo zenye alama. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inaruhusu vijiji kupanga kwa pamoja, na wafugaji wa Kiteto wameshafanya hivyo.

#29 Kifungu kwa Kifungu
#28 yuko sahihi. Mipango ya pamoja ya vijiji ipo kisheria na Kiteto ni mfano mzuri, vijiji vimeunganisha malisho na kupata hati. Ni kazi ndefu, kila mkutano mkuu wa kila kijiji lazima ukubali, na mkataba wa pamoja usainiwe. Kijiji kimoja kikigoma, kimekwama.

#30 Mtendaji Mstaafu
Na kila uchaguzi wa serikali za mitaa ukipita unaanza upya na wenyeviti wapya. Tulipiga kura Novemba 2024. Mnyiramba mna bahati ya muda, wenyeviti bado wana miaka mbele yao. Anzeni sasa, msisubiri hadi kampeni.

#31 Mama Alizeti
Nyote mmesahau Operesheni Vijiji. Wazazi wetu walikuwa wametawanyika, kila mji na malisho yake, wakakusanywa sehemu moja miaka ya sabini. Mashamba ya karibu yakachoka, kuni zikaisha. Kijiji tunachokipanga leo kilikaa mahali ambapo hakikupangwa na wenyewe. Mama yangu hadi anafariki alikuwa anasema shamba lake la kweli liko ng'ambo ya korongo.

#32 Mzee wa Ngitili
Hilo ni kweli tupu. Hata ngitili nyingi zilikufa hivyo, watu walihamishwa mbali nazo. Lakini mwanangu, shule na zahanati navyo vilikuja na kijiji. Nisingejua kuandika hapa.

#33 Mnyiramba Halisi
Wakuu, nimejaza daftari. Mkutano, sheria ndogo, saa ya wanawake, ardhi ya akiba, kitu cha kuuza, ghala, safu ya baki, mpaka wa mfugaji. Kila mmoja ana muuaji wake na sioni wa kumwachia.

Nimeongea na mwenyekiti jana. Amekubali mkutano uitwe saa kumi jioni na wazee wa kijiji jirani waalikwe kama wageni. Kuhusu sheria ndogo, ameniambia hajui kama ziliwahi kwenda wilayani. Jumatatu naenda mwenyewe kwa afisa ardhi na mwanasheria wa halmashauri kuulizia.

Fundi Pampu, swali moja la mwisho. Kuna mtaalamu wa kujitolea anataka kuja kupima wingi wa maji ya kisima chetu mwezi wa nne. Tumkubalie?

#34 Fundi Pampu
Usikubali. Mwezi wa nne mvua ndiyo zinaisha, kila kisima kinajivunia. Atakuandikia kisima kina maji mengi, mtanunua pampu kubwa, na Oktoba itavuta hewa na kuungua. Mwambie aje Oktoba au Novemba kabla ya mvua, apampu mfululizo masaa yasiyopungua 24 na aandike maji yanashuka kiasi gani na yanachukua muda gani kurudi. Sampuli ya floridi achukue siku hiyo hiyo. Akisema hana nafasi Oktoba, mtafuteni mwingine.

#35 Mfugaji Huru
Na Oktoba mhesabu na ng'ombe wanaokunywa hapo, wa kwenu na wa wapitaji. Mwezi wa nne hamtatuona.